Asilimia 50 ya kitu kisichokuwemo mfukoni: kemia ya salfeti ya potasiamu

Mfuko wa mbolea hii umeandikwa 0-0-50, yaani nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mfuatano huo, na chini yake kwa herufi ndogo: K₂O (oksidi ya potasiamu) 50%, S (salfa) 18%. Mnunuzi mmoja anajumlisha, anapata 68, anauliza hiyo 32 iliyobaki ni nini; au ameuziwa mchanga? Wa pili anaona neno salfeti, anakumbuka tindikali ya salfa iliyomo kwenye betri ya gari, anahofia udongo wake utachachuka. Wa tatu anatazama mfuko wa kloridi ya potasiamu, ulioandikwa 0-0-60 na wenye bei nafuu zaidi, na haelewi kwa nini mtu alipe zaidi ili apate pungufu. Hakuna swali la kijinga hapo. Yote matatu yanajibika mtu akishajua chumvi hii imejengwaje na inafanya nini ikigusa maji.

Kwa mkemia, chumvi si ile ya mezani peke yake. Ni dutu yoyote iliyojengwa kwa ioni, yaani atomu au makundi ya atomu yenye chaji ya umeme, zile za chaji chanya zikivutana na zile za chaji hasi mpaka zinapangika kuwa fuwele. Salfeti ya potasiamu, K₂SO₄, ina ioni 2 za potasiamu zenye chaji chanya moja moja, na ioni 1 ya salfeti yenye chaji hasi mbili. Ioni ya salfeti yenyewe ni atomu moja ya salfa iliyozungukwa na atomu 4 za oksijeni. Kundi hilo limeshikana kwa nguvu na haliachani kwa sababu tu limeingia majini. Kinachoachana ni potasiamu na salfeti. Tangu hapo kila moja inashika njia yake, na karibu kila jambo la maana kuhusu mbolea hii linatokana na kuachana huko.

Kwa macho ni fuwele au unga mweupe, wakati mwingine wa kijivu kidogo, usiovuta unyevu wa hewa kwa haraka na usio na maji ndani ya fuwele zake. Huyeyuka kwa moto ikifika nyuzijoto 1,069 hivi. Haiwaki, wala haichochei moto kama zifanyavyo chumvi za naitreti. Kinyume chake, imetumika kwenye baruti za mizinga kwa kazi ya kupunguza mwako unaotoka mdomoni mwa mzinga.

Ndugu zake wasichanganywe naye

Potasiamu na salfa zina chumvi nyingi kati yao, na majina yake yanafanana kiasi cha kumpoteza mtu mwangalifu. Kosa la herufi mbili tatu hapa si dogo.

Salfaidi ya potasiamu, K₂S, haina oksijeni kabisa. Ikikutana na tindikali hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai viza, ambayo ni sumu inayoua. Metabaisalfaiti ya potasiamu, K₂S₂O₅, ndiyo ile inayohifadhi divai na matunda makavu, kwenye vifungashio huandikwa E224. Hutoa dioksidi ya salfa, na watu wengine wenye pumu hubanwa kifua wakiila. Pasalfeti ya potasiamu, K₂S₂O₈, ni kioksidishaji kikali kinachotumika kwenye dawa za kung'arisha nywele, na ni sababu inayojulikana ya pumu kwa wasusi na vinyozi. Baisalfeti ya potasiamu, KHSO₄, bado imebeba haidrojeni moja ya tindikali ya salfa, na mmumunyo wake unachoma.

Salfeti tunayoizungumzia haina tabia hizo. Imeruhusiwa hata kwenye chakula, kwa namba E515, na ni mojawapo ya chumvi zinazowekwa kwenye dawa za kunywa za kusafisha utumbo kabla ya uchunguzi wa kamera. Kwa hiyo mtu anayedhurika na salfaiti, jamii ya ile E224, au mwenye mzio wa dawa za jamii ya salfa, hana sababu ya kemia ya kuogopa salfeti. Zinafanana salfa tu. Namna salfa ilivyofungwa ndani ya molekuli ni tofauti kabisa.

Namba 50 imetoka wapi

Sasa turudi kwenye hesabu ya mnunuzi wa kwanza. Atomu ya potasiamu ina uzito wa 39.10, salfa 32.06, oksijeni 16.00. K₂SO₄ inatoka 78.20 + 32.06 + 64.00, jumla 174.26. Gawanya kila kimoja kwa jumla hiyo: katika kilo 100 za chumvi safi kuna kilo 44.9 za potasiamu, kilo 18.4 za salfa na kilo 36.7 za oksijeni. Hakuna K₂O hata gramu moja. Oksidi hiyo ikiguswa na maji hugeuka potasiamu haidroksidi, alkali inayounguza ngozi. Mtu hawezi kuijaza kwenye mfuko akaiuza imwagwe shambani.

K₂O ni kipimo cha kihesabu tu. Wakemia wa zamani walichoma mimea, wakapima majivu, wakaandika kila elementi kana kwamba ni oksidi. Mtindo ule ukaingia kwenye biashara ya mbolea na haujatoka. Kamba ya mita 3 ukiiandika futi 10 hivi haijarefuka, na potasiamu ni hivyo hivyo: ikiandikwa kama K₂O inaonekana nyingi kwa sababu imepimwa pamoja na oksijeni ambayo kwa kweli haiko nayo. Kutoka K₂O kwenda potasiamu halisi zidisha kwa 0.83, kurudi, zidisha kwa 1.205.

Chumvi safi kabisa ingeandikwa K₂O 54%. Ile ya kibiashara huwa 50 mpaka 52, maana yake karibu sehemu 93 mpaka 96 kati ya 100 ni K₂SO₄ na zinazobaki ni chumvi nyingine za magnesiamu, sodiamu au kalsiamu, kloridi kidogo na unyevu. Mfuko wa 50% basi una potasiamu halisi asilimia 41.5, salfa 17 au 18, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni ile oksijeni iliyomo ndani ya salfeti. Mchanga haumo.

Salfa nayo ina mtego wake. Nchi nyingine huiandika kama S, nyingine kama SO₃. Mfuko wa S 18% na mfuko wa SO₃ 45% ni kitu kilekile, kwani SO₃ huzidishwa kwa 0.4 kupata S. Anayelinganisha mifuko miwili bila kutazama herufi hizo anaweza kununua pungufu akidhani amepata zaidi.

Kosa linaloumiza hasa hutokea kwenye kufuata ushauri wa maabara. Tuseme ripoti ya udongo inataka kilo 60 za K₂O kwa hekta. Gawanya 60 kwa 0.50: unahitaji kilo 120 za salfeti ya potasiamu. Lakini kama ripoti inataka kilo 60 za K, lazima kwanza uigeuze: 60 × 1.205 ni 72.3, kisha ugawanye kwa 0.50, unapata kilo 145 hivi. Aliyesoma K akadhani ni K₂O amepunguza sehemu 17 katika 100 bila kujua, na hataona chochote mpaka mavuno. Kabla ya kupiga hesabu yoyote, angalia ripoti imeandika K au K₂O.

Potasiamu ni ileile, wenzake ndio tofauti

Ndani ya maji, ioni ya potasiamu iliyotoka kwenye salfeti na ile iliyotoka kwenye kloridi hazina tofauti yoyote. Mzizi hauwezi kuzitambua, wala kipimo chochote cha maabara hakiwezi kusema hii ilitoka mfuko gani. Anayedai kwamba potasiamu ya salfeti ni bora au ina nguvu zaidi anauza maneno. Kinacholipiwa ni mwenzi wa potasiamu.

Kilo 100 za kloridi ya potasiamu, ambayo wauzaji huiita MOP, zinabeba kilo 60 za K₂O pamoja na kilo 45 hivi za kloridi. Kilo 120 za salfeti, inayoitwa SOP, zinabeba K₂O zilezile 60, lakini badala ya kloridi zinaleta kilo 20 na kitu za salfa. Swali basi ni la aina mbili: je, zao lako linadhurika na kloridi? Na je, linahitaji hiyo salfa?

Kloridi si sumu. Mimea yote inaihitaji kwa kiasi kidogo, na minazi na michikichi hufanya vizuri ikiipata kwa wingi. Lakini tumbaku iliyolishwa kloridi nyingi hutoa jani lisiloshika moto vizuri. Viazi mviringo hushusha kiwango cha wanga na kuwa na maji zaidi, jambo ambalo wakaangaji wa krisps hulilalamikia mara moja. Parachichi, stroberi, maharage, zabibu na jamii ya michungwa hukusanya kloridi kwenye majani mpaka ncha na kingo zinakauka. Kwa mazao haya salfeti ina maana. Kwa mahindi au ngano kwenye eneo lenye mvua za kutosha, mara nyingi kloridi inatosha na fedha inayobaki itumike penye upungufu mwingine.

Salfa kwa upande wake ni kirutubisho kamili. Imo ndani ya protini, na ndiyo inayovipa vitunguu na jamii ya kabichi ukali wa harufu yao. Upungufu wake hufanana na wa nitrojeni, jani linakuwa la njano, ila wa salfa huanza kwenye majani machanga ya juu na wa nitrojeni huanza kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Upungufu wa potasiamu ni mwingine: kingo za majani yaliyokomaa huungua huku katikati pakibaki kijani.

Kipo kigezo kingine, nacho ni ukali wa chumvi kwa mzizi. Wataalamu hutumia kielelezo ambacho naitreti ya sodiamu imepewa 100. Kloridi ya potasiamu ina 116, salfeti ya potasiamu 46. Kwa mkulima maana yake ni kwamba mbolea ikiwekwa karibu na mbegu au mche, kloridi huvuta maji kutoka kwenye mzizi kwa nguvu zaidi. Hii haisemi kwamba salfeti haiunguzi. Rundo lake likigusana na mzizi mchanga litaunguza tu, ila linasamehe zaidi.

Kwenye udongo kuachana kule kunaonekana waziwazi. Punje za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, hivyo huidaka potasiamu na kuishikilia. Kloridi, yenye chaji hasi, haina wa kuishika; mvua ikinyesha inashuka nayo chini. Salfeti iko katikati: hushuka, lakini udongo mchachu wenye chuma na alumini nyingi huishika kidogo. Hapo ndipo wenye uzoefu hupata njia ya gharama nafuu. Wanamwaga kloridi wiki nyingi kabla ya kupanda, mvua zinaosha kloridi, potasiamu inabaki. Njia hiyo inahitaji mvua ya uhakika na udongo usio kichanga, kwani kwenye kichanga potasiamu nayo huondoka.

Na kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Maji ya umwagiliaji yenye kloridi miligramu 100 kwa lita si maji ya ajabu. Ukimwagilia milimita 500 kwa msimu, hizo ni meta za ujazo 5,000 kwa hekta, na umeingiza kilo 500 za kloridi. Aliyelipa zaidi ili aepuke kilo 45 za kloridi ya mfukoni, huku bomba lake likimletea 500, ametibu kidole wakati mguu umevunjika. Maji yapimwe kwanza.

Kwa nini ni ghali

Kloridi ya potasiamu huchimbwa ikiwa karibu tayari. Salfeti safi ni adimu ardhini. Nyingi hutengenezwa, na malighafi ya kuitengenezea mara nyingi ni kloridi hiyohiyo. Njia inayojulikana kwa jina la Mannheim huchanganya kloridi ya potasiamu na tindikali ya salfa ndani ya tanuri. Hatua ya kwanza hutokea kwa urahisi na kutoa baisalfeti. Hatua ya pili, ya kuigeuza baisalfeti kuwa salfeti, inanyonya joto na inahitaji tanuri la nyuzijoto 600 na zaidi. Kila tani ya salfeti huacha kilo 418 za gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo lazima inaswe majini iwe tindikali na itafutiwe mnunuzi. Kiwanda kisichoweza kuuza tindikali yake hakiwezi kuuza salfeti kwa bei nzuri.

Sehemu nyingine hupatikana kwa kukausha maji ya chumvi juani, kama kwenye Great Salt Lake nchini Marekani na Lop Nur nchini China, au kwa kuibadilisha kloridi kwa kutumia salfeti ya magnesiamu, kama ifanywavyo Ujerumani.

Kuiyeyusha majini bila kujiletea balaa

Hapa ndipo malalamiko mengi hutokea, na karibu yote yana chanzo kimoja: chumvi hii haiyeyuki sana. Lita moja ya maji ya nyuzijoto 20 hupokea gramu 111 tu. Kloridi ya potasiamu hupokelewa gramu 340 katika maji hayohayo, naitreti ya potasiamu 316. Joto likishuka hadi nyuzi 10, salfeti inabaki gramu 93. Likipanda hadi 30, inafika 130.

Tena kuyeyuka kwake kunapoza maji. Kuweka gramu 100 katika lita hushusha joto kwa nyuzi 3 hivi, na maji yaliyopoa hupokea pungufu, ndiyo maana mtu anakoroga anaona punje zimegoma chini anadhani mbolea ni mbovu. Kwa kazi ya kawaida usivuke gramu 80 kwa lita. Kwa pipa la lita 200 hiyo ni kilo 16. Jaza maji lita 150, anza kukoroga kabla ya kuweka kitu, mimina mbolea polepole huku ukikoroga, endelea dakika 15 hadi 20, kisha jazia mpaka 200. Acha mashapo yatulie, halafu vuta maji kutoka juu kidogo ya sakafu ya pipa kupitia chujio la mikroni 130. Tumia daraja la kuyeyuka, lile la unga laini. La punje limetengenezwa kwa ajili ya kumwagwa ardhini na litakusumbua bure.

Aliyeyeyusha gramu 130 kwa lita mchana wa joto anajiona ameshinda. Usiku maji yakishuka hadi nyuzi 15, gramu 25 na zaidi za kila lita hurudi kuwa fuwele. Kwa pipa la lita 200 hizo ni kilo 5 zilizolala chini, na asubuhi mimea inapata mmumunyo hafifu. Adhuhuri fuwele zikiyeyuka tena inapata mkali.

Kuongeza naitreti ya potasiamu au salfeti ya amonia kwenye pipa hilo hilo kunapunguza nafasi. Maji yanapokuwa tayari yamejaa potasiamu au salfeti kutoka kwingine, K₂SO₄ haiyeyuki kama ilivyoandikwa kwenye jedwali.

Lakini adui mkubwa ni kalsiamu. Chukua lita moja yenye gramu 100 za mbolea ya naitreti ya kalsiamu, imwagie gramu 50 za salfeti ya potasiamu iliyokwisha kuyeyushwa. Kwanza maji yanakuwa na ukungu, kisha yanageuka maziwa, na baada ya muda chini kuna tope jeupe zaidi ya gramu 40. Hiyo ni jasi, salfeti ya kalsiamu, ambayo lita ya maji huyeyusha gramu 2 na kidogo tu. Kalsiamu yako na salfa yako zimekuwa plasta, na ikiingia kwenye mabomba ya matone itaziba matundu yote.

Ndiyo sababu ya mapipa mawili, A na B. Naitreti ya kalsiamu na chuma hukaa A. Salfeti zote na fosfeti hukaa B. Kila pipa huingizwa kwenye maji ya bomba kwa mkondo wake. Hapo zikishachanganyika mara 100, mfano wetu wa juu unakuwa na kalsiamu miligramu 190 na salfeti miligramu 276 kwa lita, na kwa viwango hivyo jasi haifanyiki. Kumbe hazigombani kwa kukutana, zinagombana kwa kukutana zikiwa nzito. Mwenye pipa moja tu ape kalsiamu siku moja, aoshe mabomba kwa maji matupu, ape salfeti siku nyingine.

Bomba likishaziba, jua kwanza limezibwa na nini. Kwangua utando mweupe, udondoshee tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa au siki kali. Ukitoa mapovu ni kaboneti ya maji magumu, na kuosha kwa tindikali kutaiondoa. Usipotoa mapovu wala kupungua, ni jasi. Tindikali haitakusaidia, na mara nyingi dawa ni kubadilisha vitoa matone.

Jaribio la gramu 30

Rangi haithibitishi kitu. Kloridi ya potasiamu huwa nyekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, lakini iliyosafishwa ni nyeupe kama salfeti, na chumvi ya kawaida ni nyeupe pia. Tabia ileile ya kutoyeyuka sana inatupa kipimo kizuri. Weka mililita 100 za maji ya joto la chumba kwenye chombo kinachopenyeza mwanga, ongeza gramu 30, koroga dakika 15. Salfeti ya potasiamu itayeyuka gramu 11 au 12 tu. Zaidi ya nusu itabaki chini. Zikiyeyuka zote, mfuko haukubeba ulichoambiwa. Huenda ni kloridi ya potasiamu, chumvi ya mezani, salfeti ya magnesiamu au salfeti ya amonia, kwa sababu zote hizo huyeyuka gramu 30 bila shida.

Jaribio la pili ni kuchukua gramu 5 kwenye mililita 100 nyingine. Hizi lazima ziishe zote, pasipo mchanga. Kinachobaki hakitayeyuka kamwe shambani pia. Ukitia chokaa kidogo na harufu kali ya amonia ikapanda, kuna salfeti ya amonia ndani. Majaribio haya hukamata udanganyifu mkubwa. Mchanganyiko wa asilimia 10 utakupita, na huo ni wa maabara.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Kwamba inachachusha udongo. Salfeti peke yake haichachushi. Kinachochachusha ni salfeti ya amonia, na hapo mwenye kosa ni amonia: bakteria wanapoigeuza kuwa naitreti huachia haidrojeni. Salfa ya njano ya unga nayo huchachusha, kwa kuwa bakteria huigeuza tindikali ya salfa; kilo 1 yake inahitaji takriban kilo 3 za chokaa ya kaboneti kuizima. Salfa ya kwenye K₂SO₄ imekwishafika mwisho wa safari hiyo, na tindikali yake ilizimwa zamani. Kweli, bidhaa ya tanuri la Mannheim inaweza kubaki na tindikali kidogo, hivyo mmumunyo wake ukapimwa pH ya chini; hilo husaidia mabomba kuwa safi na kwa udongo ni jambo dogo mno.

Kwamba inaua ukungu na utitiri kwa kuwa ina salfa. Salfa ya njano ndiyo inayofanya kazi hiyo. Anayepulizia salfeti ya potasiamu juu ya ubwiriunga analisha jani, ugonjwa unaendelea. Kama unataka kuitumia majanini, gramu 10 hadi 20 kwa lita ni kiwango cha kawaida, jioni, baada ya kujaribu mimea michache na kusubiri siku mbili tatu.

Kwamba ina mnururisho, yaani hutoa mionzi ya nyuklia. Hili ni kweli, ila halimaanishi linavyosikika. Kila potasiamu duniani ina potasiamu-40, aina ya atomu yake inayotoa mionzi, asilimia 0.0117, na gramu moja ya potasiamu hutoa mipasuko ya atomu 31 hivi kwa sekunde. Mwili wa mtu mzima una gramu 140 za potasiamu, hivyo naye ana zaidi ya mipasuko 4,000 kila sekunde. Kipimo cha mnururisho kikilia karibu na ghala la mbolea hii kinasema tu kwamba potasiamu ipo.

Kwamba ni kemikali, basi haifai kwa kilimo hai. Kanuni nyingi za kilimo hai huikubali ikiwa imetokana na madini au maji ya chumvi bila kupitishwa kwenye tindikali; ya Mannheim hukataliwa. Molekuli ni ileile, na hakuna jaribio la ndoo litakalokuonyesha tofauti. Mwenye shamba lenye cheti aombe karatasi inayotaja chanzo na njia ya utengenezaji kabla ya kununua, kwa sababu neno salfeti ya potasiamu kwenye mfuko halitamtosha mkaguzi.